Kanda Mbili Ndani ya Droo

Mimi ni fundi wa mitambo. Sina chama.
Nina vifungo, nyaya, feni moja inayolia,
na sikio linalojua nani alikunywa kasiksi jana
kabla hajasema "wasikilizaji wapenzi."

Ndani ya droo, chini ya betri zilizovimba,
nimeweka kanda mbili.

Ya kwanza ni ya wakati ule wengine ndio walikuwa mezani.
Vibanda vya Batwa viliungua juu kule Kashanja,
kandokando ya msitu waliofukuzwa babu zao,
na Bwana Namegabe akaingia studio na mvua mabegani,
hakungoja hata chai.
Akapiga meza, sindano ya kipimo ikaruka hadi kwenye nyekundu,
akasema: "Mtu si mti. Hang'olewi.
Anayenyamaza leo ameshika kiberiti."
Siku ile pale Nyawera waendesha pikipiki walizima injini wamsikie.
Mimi nililia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ya pili ni ya mwezi Machi.
Mlima ni ule ule. Majani ya paa ni yale yale
na yanaungua vile vile.
Ila sasa chama chake ndicho kinachokula,
na shemeji yake ana ofisi yenye pazia huko Muhumba.
Alikuja na maji yake ya chupa.
Sindano haikufika hata katikati.
"Tusikurupuke," alisema. "Kuna uchunguzi. Kuna muktadha.
Kuna wanaokopa machozi ya wachache kuichafua serikali."

Wachache.
Kwenye kanda ya kwanza aliwataja kwa majina:
Cibwire, Kasula, mama yake Kasula.

Na Ntaboba, wa redio ya ng'ambo ya barabara,
aliyekuwa bubu mwaka ule,
sasa amepasuka koo kwa huruma.
Kipindi cha pili kimeanza, wamebadilishana magoli tu,
na kinachopigwa mateke uwanjani
ni mtu yule yule.

Jumatano mama yake Kasula alishuka mjini,
saa sita kwa miguu, na vyungu viwili vya kuuza.
Akaniuliza mlangoni:
"Yule aliyekuwa akitusemea, alihama?"
Hapana, mama. Anakaa palepale Nguba.
"Basi sauti yake inaumwa."
Sikujibu. Nikamvutia kiti.
Nikaenda kumletea chai,
na mkono wangu, mkono huu usio na chama,
ukavipita vikombe vyote vya kaure
ukachukua kile cha plastiki, kilichopasuka mdomo,
kama mama yangu alivyofanya kule Kabare
kila Mtwa alipobisha hodi.

Alikinywea. Hakukitazama hata mara moja.
Alisema sukari imetosha.

Hiyo ni kanda ya tatu. Haimo ndani ya droo.

Usiku ule ilikuwa zamu yangu.
Nikazipanga zile mbili, moja nyuma ya nyingine,
bila utangulizi, bila muziki, bila neno langu.
Mkurugenzi ana kadi ya chama; najua nitalala wapi kesho.
Nikabonyeza.
"Mtu si"
na umeme ukakatika.

Feni ikanyamaza. Kadutu yote ikazama gizani.
Ng'ambo ya Ruzizi taa za watu zilikuwa zikiwaka kama kawaida.
Nilikaa na kidole juu ya kifungo,
saa saba, saa nane,
nikiwaza labda ni heri, labda niirudishe droo kama ilivyokuwa,
nina watoto wanne, nani ataniuliza.
Kiu ikanishika. Nikapapasa meza,
nikakutana na kikombe,
nikanywa chai yake iliyobaki, baridi,
na ule ufa ukanichana mdomo.

Umeme ulirudi saa tisa na dakika kidogo.
Sijui nani alikuwa macho Bukavu saa hiyo.
Walinzi, labda. Mama mwenye mtoto mwenye homa.
Nikairudisha kanda hadi mwanzo,
nikajifuta damu kwa kiganja,
nikabonyeza tena.